Tanga la Mtaa wa Gogoni

Asubuhi ile Sekela Mwaipaja alikuwa ameshaua sheria mbili kabla ya chai, na zote mbili zilikufa bila ubishi. Ya kwanza ilikataza kupiga mluzi sokoni. Ya pili ilitaka kila baiskeli iwe na kengele, na kwa sababu yake taa za njia panda za Magadini zilikuwa zinabaki nyekundu mbele ya asiye na kengele, mpaka achoke, ashuke, aikokote baiskeli yake kando kama mtu aliyefukuzwa harusini. Sekela aliweka kiganja kwenye kioo cha Mratibu akatamka maneno ya kuifuta. Huko nje taa zikabadilika. Chini ya dirisha mtu mmoja aliondoka na baiskeli yake huku akicheka peke yake, na Sekela akacheka naye bila yeye kujua. Kazi yake haikuwa na sifa nyingi, lakini ilikuwa na asubuhi za namna hiyo.

Magadini haikuwa na mgambo. Sheria ndogo zote za jiji zilikuwa zimemiminwa ndani ya Mratibu, mashine iliyoendesha taa, mabomba, milango na barabara, na tangu hapo sheria haikungoja mtu wa kuisimamia. Iliyoandikwa ilitendeka. Tatizo ni kwamba waliofanya kazi ya kumimina walikuwa na haraka ya watu wanaohama nyumba mvua inanyesha. Walibeba vyote, pamoja na takataka. Sheria zilizokuwa zimelala kwenye majalada tangu enzi za mababu ziliamka siku moja zikaanza kazi, na bucha moja ikajifunga wiki nzima kwa kuwa mwenye nayo hakuvaa kofia nyeupe. Ndipo ikaundwa Idara ya Kupunguza Sheria. Watu wakawaita Wafagiaji, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa mazoea tu.

Wafagiaji walikuwa na desturi moja ambayo wageni waliiona mchezo. Sheria haikufutwa kutoka mezani. Mfagiaji alipaswa kwenda mahali pa mwisho ambapo bado inafanya kazi, aione kwa macho yake, azungumze na mtu wa mwisho inayemgusa, kisha arudi mbele ya Mratibu atamke, "Haina anayeiegemea." Bila maneno hayo kutoka kinywa cha Mfagiaji, Mratibu hakufuta kitu. Wenyewe waliita kuiaga sheria. Desturi hiyo ilianza baada ya afisa mmoja kufuta sheria ya taa za ngazini bila kuinuka kitini, na bibi mmoja akavunjika nyonga jioni hiyohiyo.

Sekela alikuwa ndiyo kwanza anamimina chai pale Mkurugenzi Kaijage alipoingia. Kaijage alikuwa mtu mzima mwenye tai fupi kuliko tumbo lake, mpole, mwenye kubisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Safari hii hakubisha. Alisema kuna moja ya kuagwa leo, kwa sababu baraza linakaa kesho na halitaki kuikuta.

Ilikuwa ni Kifungu cha Matanga. Sekela alikijua kwa juujuu. Panapofiwa na turubai likasimama barabarani, barabara ya mtaa hufungwa. Gari halipiti, mashine haichimbi, kipaza sauti hakilii, mpaka mfiwa mkuu aseme kwamba tanga limeanuliwa. Zamani kilikuwa na maana, Kaijage alisema, watu walipokuwa wanalilia nyumbani. Siku hizi nani anaweka turubai njiani? Watu wanakodi ukumbi, wanalia kwa zamu, wanarudi kazini. Katika Magadini nzima kifungu hicho kilikuwa kinafanya kazi mahali pamoja tu, Mtaa wa Gogoni, na tanga la hapo lilikuwa mwaka wa tisa.

"Mwaka wa tisa?" Sekela alidhani amesikia vibaya.

Kaijage aliitikia kwa kichwa. Gogoni ndiyo njia fupi ya kutoka kata za mashariki kwenda hospitali, akaeleza. Kwa kuwa imefungwa, gari la wagonjwa huzunguka ziwa zima la magadi. Mvua zilizopita binti mmoja alijifungulia njiani, na mtoto hakuishi. Sekela akauliza kwa nini wasiongeze mstari mmoja tu wa kuruhusu gari la wagonjwa. Mkurugenzi aligeukia dirishani. Alisema baraza linataka kukifuta kifungu, siyo kukishona viraka, halafu akatoka bila kunywa chai aliyokaribishwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

*

Mwanzoni mwa Mtaa wa Gogoni vigingi vya chuma vilikuwa vimeinuka kutoka kwenye lami, vimefika kiunoni mwa mtu mzima. Vilikuwa vimekaa hivyo muda mrefu hadi watu wakavizoea. Kimoja kilikuwa kimeanikwa mitandio. Juu ya kingine alikuwa amekalishwa mtoto mdogo, ameshikwa na dada yake.

Ng'ambo ya vigingi kulikuwa na maisha ambayo Sekela hakuwahi kuyaona katikati ya barabara. Wanawake walikaanga vitumbua pale ambapo malori yangepita. Watoto walikuwa wamechora mistari ya mchezo juu ya mistari ya barabara. Mzee mmoja mwenye suruali ya mafuta alikuwa amepindua baiskeli tatu matairi juu, anazifanyia kazi huku akiimba, na magurudumu yakizunguka taratibu. Huyo aliitwa Fundi Tindwa. Alimtazama Sekela, akaitazama beji ya Jiji kifuani kwake, akaacha kuimba.

Turubai lilikuwa katikati ya mtaa. Bila shaka lilikuwa la buluu siku lilipofungwa. Sasa jua lilikuwa limelichuja hadi rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Chini yake lilitandikwa jamvi, na juu ya jamvi aliketi mama mmoja mwembamba aliyejifunga kaniki, mbele yake pana birika la kahawa na vikombe vingi, kama anayengoja watu.

Sekela alipokaribia, nguzo ya Jiji iliyokuwa kando ya turubai ilitoa sauti. Ilikuwa sauti ya Mratibu, ileile inayotangaza kukatika kwa maji, ila hapa ilikuwa imeshushwa kwa sababu kifungu kilikataza kelele.

"Wafiwa wa Gogoni, tanga limeanuliwa?"

"Bado," alisema yule mama, bila kuinua macho, kama mtu anayejibu hodi ya jirani.

"Jiji limesikia," nguzo ikasema, na ikanyamaza mpaka kesho.

Sekela aliamkia. Akaitikiwa marahaba. Akasimama ukingoni mwa jamvi na viatu vyake, akajitambulisha jina na idara, akaeleza kilichomleta. Alikuwa na maelezo yake mazuri aliyoyazoea: kwamba sheria nazo huzeeka, kwamba hafuti kitu bila kuwasikiliza wanaokitumia, kwamba kuna huduma ya hospitali. Aliyasema yote kwa heshima na kwa Kiswahili safi. Yule mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Shija, alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Kwa hiyo umetoka Jiji," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Umekuja kwa ajili ya sheria."

"Ndiyo."

Mkono wa Mama Shija ulikuwa umeshaelekea kwenye birika; akaurudisha mapajani. "Haya," alisema. "Nimekusikia, mwanangu. Nenda kafanye kazi yako." Hakuna aliyemfukuza Sekela, lakini alijikuta anarudi kinyumenyume, na uso unawaka, bila kujua kosa lake ni nini.

Fundi Tindwa alimsindikiza hadi kwenye vigingi. Hakuwa na haraka ya kusema. Mwanzoni alijitetea mwenyewe, kwa kuwa alijua beji ile ingeuliza. Ni kweli mtaa umenufaika, alisema. Yeye karakana yake iko barabarani, na barabara ikifunguka atahangaika. Wenzake nao hivyohivyo. Lakini asije akafikiri wao ndio waliomshikilia mama wa watu kwenye msiba. Wamemwomba aanue, tena kwa machozi. Wasichana aliowalea wameolewa yeye hajatia mguu kwenye ngoma. Kaniki imechakaa mwilini, akanunua nyingine.

"Anangoja mwili?" Sekela aliuliza.

"La mwili alishalikubali." Fundi aligonga lami kwa kisigino. "Shija, binti yake, yuko hapa chini. Alikuwa fundi wa mabomba ya magadi, mtumishi wa Jiji. Handaki liliporomoka akiwa ndani. Wakasema kufukua kutaangusha nyumba, wakaliziba. Mama akasema sawa, basi na alale karibu na nyumbani. Huyo si mtu wa kugomba."

"Sasa anangoja nini?"

Fundi Tindwa alimtazama vizuri, kama anayepima kama inafaa kumwambia.

"Binti, msiba unaanuliwa wahusika wote wakishafika. Walifika ndugu kutoka mbali, walifika majirani, alifika hata mwanamume aliyekuwa amemwacha Shija. Mhusika mmoja tu hajafika mpaka leo. Jiji. Lilituma ujumbe kwenye simu. Mtoto amefia kwako, unatuma ujumbe kwenye simu?" Akafuta mikono kwenye suruali yake. "Leo ulipotokea na hiyo beji, nilimwona ameshika birika. Nikasema, heri, wamekuja. Ukasimama na viatu."

*

Kaijage alikuwa anamngoja ofisini, na alipoona uso wake akajua. Alifunga mlango mwenyewe. Sekela aliuliza swali moja tu: kwa nini hakuna aliyekwenda.

Mkurugenzi alikaa, akaivuta ile tai yake fupi. Akasema walikatazwa. Mle ndani ya kifungu, mwishoni, kuna maneno yanayolitaka Jiji lenyewe liende kuhani. Zamani hayakuwa na uzito. Diwani alikwenda, akanywa kahawa, akarudi. Baada ya kumiminwa ndani ya Mratibu ikawa kitu kingine. Afisa akiketi kwenye jamvi la msiba akatoa pole, maneno yake yanakuwa maneno ya Jiji, na yaliyoandikwa yanatendeka. Jiji likikiri kwamba Shija alifia kazini kwake, basi limekiri na handaki, na waliosema handaki ni salama. Wanasheria waliona hilo siku ileile ya ajali. Wakaagiza asiende mtu.

"Na ndiyo maana hamkutaka kuongeza gari la wagonjwa," Sekela alisema polepole.

"Ukitaka kukirekebisha, lazima kisomwe barazani mpaka mwisho. Hawataki kisomwe mpaka mwisho." Kaijage alikuwa anazungumza na meza. "Ukikifuta, hakisomwi. Barabara inafunguka, wagonjwa wanapita, na hakuna anayelazimika kumwambia yule mama lolote. Ndiyo uzuri wake."

Aliposema uzuri sauti yake ilikwaruza. Sekela alimwonea huruma, na alikasirika kwamba anamwonea huruma. Kaijage akaendelea bila kuulizwa. Shija alikuwa chini yake wakati huo, kabla yeye Kaijage hajahamia kwenye sheria. Shija alikuwa akimtania kuhusu tai: Bosi, nguo hii ilinyeshewa ikarudi? Siku ya msiba alitoka nyumbani amevaa kanzu, akafika mpaka kwenye vigingi, akasikia vilio, akageuka. Tangu hapo huenda kazini kwa kuzunguka ziwa, kama wagonjwa.

"Mtoto yule wa mvua zilizopita amekufa kweli, Sekela," alisema mwishowe. "Usiniache nikaonekana natunga. Kila siku tunayongoja kuna mwingine anaweza kuwa njiani. Wewe ndiye wa kutamka. Mimi sitakulazimisha, ila nakuomba utamke."

Ndipo alipokuwa, basi. Angeweza kusema maneno mawili na kuokoa watu asiowajua, na kwa maneno hayohayo kumnyang'anya mama mmoja kitu pekee alichokuwa anakidai. Na wala siyo yeye peke yake. Masikini yeyote wa Magadini asiye na ukumbi, kesho akifiwa, akifunga turubai, magari yangempigia honi miguuni pake. Sekela alikwenda kwenye chumba cha Mratibu akiwa bado hajaamua, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake, maana kwa kawaida huamua akiwa njiani.

Aliweka kiganja kwenye kioo. Kioo kikamtambua, kikaleta Kifungu cha Matanga na nafasi tupu iliyongoja sauti yake.

"Haina," alisema, na akaishia hapo.

Mratibu alingoja. Mratibu hakuwa na haraka wala hasira. Alikuwa mashine ya kutenda kilichoandikwa, na kisichoandikwa hakukijua kabisa, hata kama ni gari la wagonjwa linalowakawaka taa mbele ya vigingi. Sekela akamwomba asome kifungu chote.

Alisoma. Mstari wa mwisho ulikuwa hivi: Afisa wa Jiji atafika, ataketi pamoja na wafiwa, na atatoa pole kwa niaba ya Jiji, maneno yake yatakuwa maneno ya Jiji, na yatasikika mjini.

"Sharti hili halijatimizwa," Mratibu akaongeza.

"Unajua hivyo?"

"Nalitaja kila asubuhi, baada ya kuuliza Gogoni. Linaingia kwenye taarifa ya siku."

"Nani husoma taarifa ya siku?"

"Hakuna."

Sekela alicheka, kisha machozi yakamtoka, akayapangusa kwa ukanda wa beji. Mashine ilikuwa imejua miaka yote kwamba Jiji lina msiba halijakwenda. Haikuweza kwenda. Haikuwa na miguu.

"Futa?" Mratibu aliuliza.

"Hapana," alisema. "Sheria hii inatumika." Akaondoa kiganja.

*

Alipofika Gogoni jua lilikuwa limeegemea, na Fundi Tindwa alikuwa anafunga baiskeli. Safari hii Sekela alivua viatu kabla ya kufika kwenye jamvi, tena mbali, akatembea pekupeku juu ya lami yenye moto. Alijifunga khanga aliyoazima kwa muuza vitumbua. Hakusema habari za sheria. Aliketi, akainamisha kichwa, akanyamaza kama watu wanavyonyamaza kwenye msiba, bila kutafuta la kusema.

Baada ya kitambo alisikia kahawa inamiminwa. Kikombe kikasukumwa hadi kwenye goti lake.

"Pole, mama," Sekela alisema. "Kwa msiba wa Shija. Na unisamehe kwa asubuhi."

"Nimeshapoa. Asante." Mama Shija alimwacha anywe. Kisha akasema, kwa upole uleule, "Ya kwako nimeipokea, mwanangu. Wewe siku ile ulikuwa bado shuleni, huna unachonidai wala ninachokudai. Ya Jiji iko wapi?"

Sekela alishika kikombe kwa mikono miwili. Alitaka kwanza kumweleza habari za binti aliyejifungulia njiani, ili zisije zikaonekana zimefichwa, na akaanza, lakini Mama Shija alimkatisha kwa kuinua kiganja.

"Nilikwenda kumhani. Unadhani hapa habari hazifiki? Nilikaa naye, nikamkanda kwa maji moto, nikamwambia mimi ndiye mama wa vigingi. Alinishika akalia, na mimi nikalia. Akaniuliza kwa nini nisianue. Nikamwambia, mwanangu, nikianua leo, huyu wangu atakuwa amekufa kama kuku. Kama kuku aliyegongwa, mwenye gari akapita. Nikishindwa kuwafanya waje hata kukaa hapa, basi na wako hawatakuja kumlilia." Akalisogeza birika kando. "Lakini usiku silali. Silali kwa ajili ya kile kichanga. Nimechoka, mama. Nimechoka kungoja watu wazima wenye miguu."

Sekela aliweka kikombe chini. Alijua kwamba akishafungua kinywa hatakuwa na kazi kesho, na huenda atakuwa na kesi. Aliogopa sana.

"Mimi ni afisa wa Jiji la Magadini," alisema, na akaigeukia nguzo kidogo ili isikie. "Nimefika, nimeketi. Jiji linatoa pole kwa Mama Shija, kwa msiba wa binti yake Shija, aliyefia kwenye kazi ya Jiji, chini ya barabara ya Jiji. Jiji lilipaswa kuja siku ya kwanza. Halikuja. Jiji linaomba radhi kwa kuchelewa."

Halafu Mratibu akayarudia maneno yale yote, bila kuacha hata moja. Hakuyasema Gogoni tu. Yaliandikwa kwamba yatasikika mjini, kwa hiyo yalisikika mjini: sokoni, kwenye njia panda, kwenye ukumbi wa baraza ambako watu walikuwa wanapanga viti vya kesho, kwenye milango ya hospitali. Sauti iliyozoea kutangaza maji ilisema jina la Shija katika kila mtaa wa Magadini. Wanawake wa vitumbua walisimama na vijiko mikononi. Watoto waliacha mchezo.

Mama Shija alilia. Hakulia kama mtu wa mwaka wa tisa. Alilia kama wa siku ya kwanza, kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Sekela alimshika mabega. Wanawake wakaja mmoja mmoja wakaketi kuwazunguka, wengine wakiwa na unga mikononi, wakalia naye mpaka kilio kikapungua chenyewe kikawa kuguna, na kuguna kukawa pumzi.

Alijipangusa uso kwa pindo la kaniki. Hakungoja kuulizwa kesho asubuhi. Aliigeukia nguzo.

"Wewe," alisema. "Tanga limeanuliwa."

"Jiji limesikia," ikasema.

Vigingi vilishuka kwa mngurumo, huku na huku, vikazama kwenye lami, na mitandio iliyokuwa imeanikwa ikaanguka chini. Mtu wa kwanza kusogea alikuwa Fundi Tindwa. Sekela alitegemea lawama, kwa kuwa karakana yake ndiyo ilikuwa imezama pamoja na vigingi. Fundi hakulaumu. Aliegesha baiskeli zake ukutani, akaja kwenye turubai, akaanza kufungua kamba aliyoifunga mwenyewe mwaka ule, na kwa kuwa fundo lilikuwa limekauka, akalikata kwa koleo. Alisema tu kwamba kuta za Gogoni zina nafasi ya kutosha baiskeli, ni suala la kubanana.

Turubai likashuka. Mwanga wa jioni ulimwangukia Mama Shija usoni akakunja macho, hakuuzoea. Wanawake walikuwa wanakusanya vikombe, na jamvi lilikuwa limeshaviringishwa nusu, pale mtu mmoja alipotokea mwanzoni mwa mtaa akija kwa miguu.

Alikuwa Mkurugenzi Kaijage. Alivaa kanzu iliyokuwa inambana tumboni, kanzu ya zamani. Alifika mahali vigingi vilipokuwa, akasimama, akatazama chini kama anayengoja viinuke vimzuie. Havikuinuka. Akavua viatu, akavishika mkononi, akaja mpaka mbele ya jamvi lililoviringishwa, na hakujua aketi wapi. Akabaki amesimama pale na viatu vyake, mtu mzima, machozi yanamshuka hadi kwenye ndevu.

Sekela alitaka kusema kitu ili kumwokoa. Mama Shija alimwahi.

"Huyu ndiye wa tai?" aliuliza, akiitazama kanzu ilivyombana tumboni.

Kaijage aliitikia kwa kichwa.

"Shija alinisimulia habari zako." Mama Shija akawageukia wanawake. "Tandikeni tena."

Jamvi likatandikwa tena juu ya lami, na birika likarudishwa. Nyuma ya Kaijage mkokoteni wa nyanya, wa kwanza kupita Gogoni kwa miaka mingi, ulikuwa umeshaingia mtaani, na mwenye nao akausimamisha bila kuambiwa. Nguzo ikaona jamvi, ikaona watu wameketi. Ikauliza, kwa sauti ya chini, kama ilivyoandikiwa:

"Wafiwa wa Gogoni, tanga limeanuliwa?"

Mama Shija alikuwa anamimina kahawa. Alicheka, kicheko kifupi, na majirani zake wakatazamana kwa sababu walikuwa wamekisahau.

"Limeanuliwa," alisema. "Ngoja kidogo tu. Huyu amechelewa."